Kula Kwanza, Utalia Baadaye

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mdogo wangu mpendwa, Kizibo wetu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umeketi, kwa maana barua hii ni ndefu na goti lako nalijua. Natumaini uvimbe umepungua na kwamba unatii agizo la daktari la kuipumzisha miguu, ingawa cherehani ya mama haijapumzika tangu ilipoingia mikononi mwako. Hapa kwangu sote tu wazima. Mwanangu anaendelea kunenepa, mkamwana wangu anaendelea kukana kwamba yeye ndiye anayemnenepesha, na shinikizo langu la damu limetulia kiasi kwamba daktari amekosa la kunitishia. Wasalimie wanafunzi wako wa ushonaji, hasa yule anayeiga mwendo wangu kila nikiwapa mgongo. Mwambie kwamba karakana yako ina kioo kikubwa, na mimi si kipofu.

Jumbe zako za sauti nimezipata zote. Unauliza kwa nini simu yangu inaita tu bila kupokelewa, na kama nimenuna kwa ajili ya lile kabati la mama. Sijanuna. Kabati nililipata kwa haki na nalipenda. Sababu ya kutopokea simu ipo, nayo utaikuta mahali pake. Nimechagua kalamu kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla kitenzi hakijafika, na habari hii inataka sentensi zake zimalizike.

Katika ujumbe wako wa mwisho, ule uliourekodi huku mkasi ukilia, uliniagiza jambo moja. Ulisema kwamba katika msimu mpya wa tamthilia yetu, Warithi wa Kiwanda, wamembadilisha mama anayemsemea Bibi Mkubwa kwa Kiswahili, na kwamba huyu mpya anaongea kama marehemu mama yetu. Ulisema si kufanana tu, bali ni mama mwenyewe, hadi lile neno lake la mezani. Mkono wako uliteleza ukakata kitambaa cha mteja mahali pasipo mshono, ukazima televisheni, na tangu siku hiyo hujaiwasha. Ukaniomba nimuulize mkamwana wangu, kwa kuwa anafanya kazi kwenye studio yao, yule mama ni nani, kwao ni wapi, na kama hana ukoo na mama. Huenda, ulisema, mama alikuwa na mdogo wake ambaye hatukuambiwa habari zake, na kama yupo, unataka kumwona kabla goti halijakufungia ndani.

Nimeuliza, na jibu ninalo. Lakini kabla ya jibu nakuomba umwache mjomba. Alinipigia simu juzi akiwa amefura kama mkate. Anasema ulimuuliza, tena mbele ya mkewe, kama babu aliwahi kuwa na nyumba ndogo. Anasema babu alikuwa mtu wa kutoka kazini na kuingia ndani, mtu ambaye hata duka la mtaa wa pili hakulijua, na leo mjukuu wake anamtafutia mke na watoto kaburini. Alinitaka mimi, kama mkubwa wako, nikutie adabu. Nimemwambia nitafanya hivyo. Hesabu kwamba nimeshafanya. Nasikia pia kutoka kwa mwanangu, ambaye anazungumza na wanafunzi wako kuliko anavyozungumza nami, kwamba umeanza kumshonea gauni huyo mama mdogo kwa vipimo vya mama, kwa kuwa mwenye sauti ile hawezi kuwa na mabega mengine. Kuhusu gauni nitasema mwishoni. Kwa sasa usilipige pasi.

Sasa nianze mwanzo.

Mkamwana wangu, kama ujuavyo, ni mwongozaji katika studio inayoingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za nchi za nje. Watu kwenye picha wanasema lugha yao, na watu wa studio wanasimama mbele ya kipaza sauti, wanaitazama midomo ile, na kusema maneno yetu yaanze mdomo unapofunguka na yakome unapofungwa. Yule mama aliyemsemea Bibi Mkubwa katika misimu yote iliyotangulia alifanyiwa upasuaji wa koo. Anaendelea vizuri, lakini daktari amemkataza kupaza sauti, na kazi yake yote ni sauti. Nawe unajua jinsi tamthilia ilivyokuwa imekaa muda mrefu bila kurudi, watu wakilalamika, na kituo kikawa kimeshatangaza tarehe ya msimu mpya. Wakajaribu akina mama wengine. Mmoja alisikika kama msoma habari za hali ya hewa. Mwingine alilia hata mahali pa kucheka. Mkamwana wangu akawa anarudi nyumbani, anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye kochi akiutazama ukuta.

Katika wiki hiyo hiyo fundi bomba alikuja kurekebisha bomba la jikoni. Akaunganisha maji ya moto mahali pa maji baridi, kisha akataka kuniaminisha kwamba mabomba ya kisasa ndivyo yalivyo. Sikupaza sauti. Nilimweleza tu, kwa mpangilio, alipokosea, kwa nini amekosea, na mtu wa umri wake anapaswa kujisikiaje. Aliifungua kazi yote akaanza upya, na mara moja aliniita mwalimu ingawa sikumwambia kwamba niliwahi kufundisha. Nilipogeuka nilimkuta mkamwana wangu amesimama mlangoni, mfuniko wa sufuria mkononi, ananitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Aliniomba nisizungumze na mtu mwingine yeyote siku hiyo, kwa kuwa sauti ile ataihitaji kesho.

Nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, si mwigizaji. Akasema hakuna aliyefundisha sarufi kwa miaka yangu yote ile, mbele ya watoto wasiotaka kuisikia, bila kuigiza. Mwanangu, aliyekuwa akila, akasema kwamba kama nitakwenda kumsemea mama mkwe mkali, basi yeye ataomba alipwe kama mshauri, maana anaishi na vielelezo. Mkewe akampokonya kijiko.

Sasa sikiliza. Unakumbuka niliyokuwa nikisema kuhusu tamthilia. Nilisema zinalainisha ubongo, na kwamba mtu mzima hawezi kukaa akisubiri wiki nzima kujua nani kamsukuma nani kwenye ngazi. Nawe ulikuwa ukinijibu kwamba mimi nimesoma kitabu kimoja cha sarufi maisha yangu yote na hata siku moja sijauliza mwisho wake ulikuwaje. Niliyoyasema sikuyafuta yote. Lakini huwezi kumsemea mtu usiyemjua, kwa hiyo mkamwana wangu alinikabidhi rimoti na misimu yote ya nyuma, akaniambia niitazame kabla ya kuingia studio.

Nilianza asubuhi baada ya chai. Nilikusudia kutazama sehemu moja, kisha nifue. Nguo hazikufuliwa. Sehemu ya kwanza ilikwisha na yule mrithi mkubwa akiwa ameshika funguo za ghala huku nyuma yake mlango unafunguka, na kabla sijajua ni nani anayeingia, sehemu ya pili ikaanza yenyewe, bila kuniomba ruhusa. Ndivyo wanavyomshika mtu. Nilitazama nikiwa nimevaa miwani ya kusomea. Nilitazama hadi maharage yakaungua, na nilipoyanusa nilisema yaungue, kwa sababu Bibi Mkubwa alikuwa anafungua barua isiyo yake. Kuna wakati televisheni ilisimama na kuniuliza kwa maandishi kama bado ninatazama. Niliona ni ukosefu wa adabu. Nikaijibu kwa sauti kwamba ndiyo, na isiniulize tena.

Mwanangu akipita alikuwa akiuliza kama kuna mtihani. Mwenyekiti wa jengo letu alikuja kunichukua kwa ajili ya mkutano wa tangi la maji, nikamwomba akae kidogo sehemu ile iishe. Akakaa. Akauliza yule mwanamke mwenye kilemba ni nani. Nikamweleza. Akauliza kwa nini hampendi mke wa mwanawe. Mkutano wa tangi ukaahirishwa, na wakazi wa juu bado hawana maji ya kutosha.

Ndipo siku ile nilipokupigia kukuuliza kuhusu wosia wa mzee wa kiwanda, ukacheka hadi ukakohoa, ukawatangazia wanafunzi wako kwamba dada mkubwa naye kanaswa. Nilistahimili. Ulinieleza mambo vizuri, nakushukuru. Ulinionya nisiruke yale marudio ya mwanzo wa kila sehemu, kwa kuwa humo ndimo wanamoficha dalili za yatakayokuja, na ulikuwa sahihi. Tangu hapo tukawa tunapigiana simu kila sehemu ikiisha, wewe ukiitazama kwa mara ya pili ili twende pamoja. Nikuambie kweli, hatujazungumza sana hivyo tangu tulipogawana vitu vya mama. Kile nilichokuficha ni kwa nini ninatazama. Mkataba ulinikataza kusema hadi msimu uanze. Pia nilitaka siku moja uniambie ukweli kuhusu sauti ya Bibi Mkubwa bila kujua ni ya nani. Unajua kwamba sifa za kuoneana haya hazinifai.

Studio yenyewe ni chumba kidogo kilichofunikwa sponji ukutani, hakina dirisha, kina kiti kimoja, kipaza sauti na televisheni. Ng'ambo ya kioo wanaketi mkamwana wangu na fundi wa sauti, baba wa makamo ambaye wote wanamwita Kimya, kwa kuwa kazi yake ni kunyamazisha feni, viti, na matumbo ya watu waliokuja bila kula. Siku ya kwanza niliyasoma maneno ya Bibi Mkubwa kama yalivyoandikwa, kila silabi na haki yake. Mkamwana wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa adabu kwamba amesikia imla nzuri sana, na sasa anaomba kumsikia mama mkwe. Akaniambia nikaripie. Nikauliza nimkaripie nani. Akasema nimkaripie yeye. Nikamwambia kwamba tangu alipoolewa nimekuwa nikijizuia, na asifungue mlango ambao hataweza kuufunga. Kimya akainama chini ya meza, nikaona mabega yake yanatikisika.

Lakini hata hasira yangu haikufaa. Ilikuwa hasira ya darasani, inayotaka kufika hadi dawati la nyuma. Bibi Mkubwa hapazi sauti. Anaifungua midomo kidogo tu, kama mtu anayeogopa kitu kisimdondoke. Nikaomba wanirudishie picha nimtazame bila sauti. Nilimtazama, nikamtazama tena, na ghafla nikaujua ule mdomo. Ni wewe peke yako duniani ninayeweza kumwandikia hili bila kulifafanua: mama alitulea akiwa na pini midomoni. Alitusalimia, alitugombeza, aliwapokea wageni, na pini zote zilikuwa zimebanwa upande mmoja huku sauti ikipita upande wa pili, chini chini, bila haraka, kwa sababu mwenye pini mdomoni hawezi kupiga kelele. Nikaomba njiti za kiberiti. Kimya akajipapasa mifukoni akanipa. Nikazibana kwenye pembe ya mdomo, nikasema sentensi ya Bibi Mkubwa, na sauti iliyotoka ilinifanya nigeuke kutazama nyuma yangu. Palikuwa na sponji tu.

Basi umeshaelewa, na najua umeweka barua chini na kuiokota tena. Hatuna mama mdogo aliyefichwa. Babu hana doa. Mama unayemtafuta ni mimi dada yako, nikiwa na njiti za kiberiti mdomoni.

Sasa unajua pia habari ya simu. Baada ya kuzizoea njiti, sauti ile imeanza kunitoka hata bila njiti, hasa ninapozungumza na mtu ninayempenda na kumkaripia kwa wakati mmoja, na mtu huyo ni wewe. Ungesikia salamu moja ungejua. Sikutaka ulijue jambo hili kwenye simu, ukiwa umesimama kwa goti moja na mkasi mkononi.

Limebaki lile neno, ambalo ndilo lililokufanya uzime televisheni. Nakuomba ulisome pole pole.

Unaikumbuka sehemu yenyewe. Mwana wa Bibi Mkubwa amezikwa. Mkewe, yule yule ambaye Bibi Mkubwa amemtesa msimu baada ya msimu, amekaa sakafuni jikoni na hataki kula. Bibi Mkubwa anaingia na sahani. Katika maandishi niliyopewa palikuwa na neno moja tu, kwamba ale. Nilisema neno hilo, nalo likaisha, lakini mdomo wa yule mwigizaji ulikuwa bado unakwenda. Katika kazi hii mdomo ukiwa wazi na maneno yamekwisha, msemaji hana budi kuujaza kwa kitu chochote kidogo, haya, au basi, au kuguna, ili mtazamaji asione mtu anatafuna hewa. Wanaita kujaza mdomo, na msemaji hujaza mwenyewe, papo hapo, kwa lolote linalomjia. Kwa kawaida mimi sipendi kuongeza neno ambalo mwandishi hakuliandika. Nimewapunguzia alama watoto wengi kwa kosa hilo. Lakini mdomo ulikuwa wazi, na kilichonijia ni hiki: "Kula kwanza, utalia baadaye."

Nilisema kwa sauti ya mama, nikimtazama mwanamke aliyekaa sakafuni.

Ng'ambo ya kioo Kimya akavua vipokea sauti vya masikioni na kusema, kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale, kwamba kipande kile kisirudiwe. Mkamwana wangu aliniuliza maneno yale nimeyatoa wapi. Nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kujaza mdomo. Hakuuliza tena, na jioni ile alinipakulia yeye mwenyewe.

Nilimjibu nusu. Wewe nakujibu yote. Siku uliporudishwa kutoka chuo cha ushonaji ukaambiwa vidole vyako ni vizito, mama alikuwekea sahani akasema hivyo, ukala huku kamasi zinakushuka, na ulipomaliza hukulia tena, ukaenda kukaa kwenye cherehani. Siku mchumba wako wa kwanza alipotuma ujumbe kwamba amebadili nia, mama alisema hivyo. Alisema hivyo kwa paka alipofiwa na watoto wake. Lilikuwa neno la nyumba yetu, na halikuwahi kutoka nje ya mlango. Ndiyo maana ulipolisikia kwenye televisheni ulijua kwamba aliyelisema ametoka ndani ya nyumba yetu. Katika hilo hukukosea hata kidogo.

Kisha mama akafa. Ulikaa kwenye sakafu ya jikoni, kati ya jiko na lile kabati, na hukula. Watu walikusihi. Shangazi alikuja, majirani walikuja, kila mtu na maneno yake. Nilikuja mimi na sahani. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni, na nilijua kwamba ni hilo tu litakalofaa, na nilijua kwamba likitoka kwa sauti yangu ya ubaoni litakuwa agizo tu na halitakufaa kitu. Mwenye sauti yake alikuwa amelala chumba cha pili. Basi niliweka sahani chini, nikakaa karibu nawe, tukanyamaza hadi chakula kikapoa. Hatujawahi kuizungumzia siku hiyo.

Kwa hiyo ujue kwamba pale studio sikuwa ninamsemea Bibi Mkubwa. Nilikuwa ninakusemesha wewe. Yule mwanamke wa sakafuni alikuwa na mabega yako, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa na sauti ya kufikishia neno. Nililisema likarekodiwa, nikasahau kwamba siku moja litarushwa na kwamba wewe hukosi sehemu hata moja. Ni kosa la mtu mgeni katika kazi. Mwenye uzoefu angekumbuka kwamba kila anachojazia mdomo mtu fulani atakisikia.

Sitaomba radhi kwa sauti ile, mdogo wangu. Tulipogawana vitu, wewe ulichukua cherehani na mimi nikachukua kabati, na mjomba akaandika kwamba vimekwisha. Havikuwa vimekwisha. Sauti ilibaki, na hakuna aliyejua iko wapi, wala mimi sikujua, hadi nilipobana njiti. Ni urithi halali. Lakini urithi huo ni wetu sote wawili, na hapo ndipo ninapokuhitaji. Studio imeniomba niendelee na msimu ujao, kwa kuwa Bibi Mkubwa harudi mgonjwa wala maiti kama walivyokuwa wakinong'ona wanafunzi wako. Anarudi na kiwanda chote mkononi. Nataka kuendelea. Nikuambie wazi, naipenda kazi hii kuliko nilivyotarajia kupenda kitu chochote baada ya kustaafu, na ninaifanya vizuri. Hata hivyo nimemwambia mkamwana wangu kwamba sitatia sahihi hadi nipate neno lako. Kama kumsikia mama kila wiki kutakuumiza, sema, nami nitawaachia watafute mwingine, na sitakununia hata siku moja. Kama hakutakuumiza, sema pia. Usiniandikie kwamba nifanye ninavyoona vyema. Nakujua, hilo si jibu.

Lakini usinijibu kabla hujafanya jambo moja. Umebaki nyuma sana. Wewe uliyenionya nisiruke hata marudio, sasa unaziba masikio wanafunzi wako wanapokusimulia, na wao wanakusimulia vibaya. Mwanangu amezituma sehemu zote ulizokosa kwenye simu ya yule anayeiga mwendo wangu, naye ameahidi kuziunganisha na televisheni ya karakana. Keti, nyosha goti, uwashe. Usianzie sehemu inayofuata. Anzia pale pale ulipozima, sahani ikiwa bado mkononi mwa Bibi Mkubwa, kwa maana ulizima mapema mno.

Kama ungesubiri kidogo, ungeona kwamba yule mwanamke anaipokea sahani. Anakula. Bibi Mkubwa anaketi sakafuni karibu naye, na kilemba chake chote, na kuanzia hapo hadi mwisho wa sehemu hakuna anayesema neno. Mdomo umefungwa. Kazi yangu ilikuwa kupumua tu, ili mtazamaji ajue kwamba yupo. Nilizitoa njiti mdomoni nikaziweka mezani. Sikiliza vizuri hapo, Kizibo. Maneno ni ya mama, lakini pumzi zile ni zangu mwenyewe, ni zile zile ulizozisikia siku ile sakafuni, nilipokosa la kukuambia.

Naona karatasi inafika mwisho, nami nifunge. Mkamwana wangu anakusalimu na kukuomba radhi kwa ajili ya kitambaa cha mteja, akisema studio haina fungu la hasara ya aina hiyo. Mwanangu anakusalimu na kuuliza kama mama mdogo mpya bado ana nafasi ya mjukuu. Nimempa mjomba habari zote kwa simu. Akaniomba niseme neno moja tu kama mama, nikasema, akakata simu bila kuniaga. Baadaye alipiga tena na kuuliza tamthilia hiyo inaonyeshwa saa ngapi.

Lile gauni usilifumue. Punguza mabega, ongeza kiunoni, na mikono uifanye mirefu, kwa kuwa chumba cha studio kina baridi. Vipimo vyangu unavyo. Ukimaliza kutazama, nipigie. Nitapokea kwenye mlio wa kwanza, nawe utaniambia kama nikuitikie kwa sauti yangu au kwa ile nyingine.

Nakutakia goti jepesi na mkono usioteleza.

Ni mimi dada yako,
mwenye kabati.